Namna ya Kuzitambua Kani Mbili za Kanuni ya Tatu ya Mwendo: Mwongozo kwa Walimu na Wanafunzi

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akiulizwa kanuni ya tatu ya Newton huijibu upesi, tena kwa Kiingereza alichokihifadhi neno kwa neno: kila kitendo kina mwitiko ulio sawa nacho na unaoelekea upande wa pili. Mwulize swali jengine, kwamba ikiwa ng'ombe analivuta gari na gari nalo linamvuta ng'ombe kwa nguvu ile ile, imekuwaje gari likaondoka, na hapo atanyamaza. Nimelisomesha somo hili kwa miaka mingi hapa Pemba, na nimefikia kuamini kwamba kasoro haimo katika akili ya mtoto, bali imo katika namna tunavyoisema kanuni yenyewe, kwa kuwa tunaisema bila ya kutaja ni nani anayemsukuma nani. Mwongozo huu unaeleza hatua ninazozifuata ili mwanafunzi aweze kuzitambua kani hizo mbili, yaani nguvu za kusukumana au kuvutana, popote anapozikuta, awe darasani, dikoni au ndani ya chombo.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mizani mbili za ndoana za kielektroniki kama zile wanazopimia samaki wauzaji wadogo, mizani moja ya jikoni inayopima mpaka kilo 5, beseni dogo, kamba, jiwe la ukubwa wa ngumi, uzi mrefu, mrija wa kunywea soda na mapulizo machache. Skuli isiyo na maabara inaweza kuvikusanya vyote hivi kwa kuazima.

Hatua ya kwanza: acha kwa muda maneno "kitendo" na "mwitiko"

Maneno haya mawili yamezoeleka na hayatatoka vitabuni, lakini yanapotosha kwa njia mbili. Anayesikia "mwitiko" hudhani kwamba kani moja hutangulia na nyengine hufuata, kama mtu anayeitwa kisha akaitika, ilhali kani zote mbili huanza pamoja, hukua pamoja na kwisha pamoja. Tena hudhani kwamba kitendo ni cha mwenye uhai na mwitiko ni wa kitu kisicho na uhai, kana kwamba ukuta hausukumi mpaka usukumwe. Mahali pa maneno hayo, mfundishe mwanafunzi kuandika kila kani kwa sentensi kamili yenye mtenda na mtendwa: "mkono unausukuma ukuta", "dunia inaivuta nazi", "maji yanaisukuma ngalawa". Kani isiyoweza kuandikwa hivyo, kwa kutaja vitu viwili kwa majina yao, ama haipo ama hatujaielewa.

Baada ya hapo kazi ya kuipata kani ya pili haihitaji kufikiri sana, kwa maana sentensi hugeuzwa tu: mtenda akawa mtendwa, na upande ukabadilika. Mkono unausukuma ukuta kuelekea mashariki, kwa hiyo ukuta unausukuma mkono kuelekea magharibi. Dunia inaivuta nazi chini, kwa hiyo nazi inaivuta dunia juu. Lazima kitenzi kibaki kile kile: ikiwa kani ya kwanza ni ya kuvuta kwa mbali, kama dunia inavyovuta, ya pili nayo ni ya kuvuta kwa mbali, na ikiwa ya kwanza ni ya kugusana, ya pili nayo ni ya kugusana. Sharti hili dogo litatufaa sana katika hatua ya tatu.

Isaac Newton mwenyewe, katika kitabu chake cha Kilatini kilichotoka mwaka 1687, aliifafanua kanuni hii kwa mifano ya namna hiyo hiyo. Alisema kwamba anayelibonyeza jiwe kwa kidole, kidole chake nacho hubonyezwa na jiwe, na kwamba farasi anayevuta jiwe lililofungwa kamba naye huvutwa nyuma kuelekea kwenye jiwe hilo. Mwambie kila mwanafunzi abonyeze ukingo wa meza kwa ncha ya kidole kisha aitazame ngozi: itakuwa imebonyea na kuwa nyeupe, na kilichoibonyeza si kidole chenyewe, ni meza.

Hatua ya pili: thibitisha kwa macho kwamba kani hizo ni sawa

Wanafunzi wengi hukubali kwa mdomo kwamba kani hizo ni sawa, lakini moyoni wanaamini kwamba mwenye nguvu zaidi husukuma zaidi. Zifunge mizani mbili za ndoana, ndoana kwa ndoana, na uwape wanafunzi wawili, mmoja mkubwa wa mwili na mmoja mdogo, kila mmoja ashike mizani yake kwa usawa wa kifua. Kwanza mkubwa avute na mdogo ashikilie tu, kisha mdogo avute na mkubwa ashikilie, halafu wavute wote. Kila mara mizani zote mbili zitaonyesha kipimo kimoja, isipokuwa tofauti ndogo inayotokana na mizani zenyewe. Halafu mwondoe mmoja wao, ichomeke ndoana yake kwenye msumari uliopigiliwa imara kwenye mwimo wa mlango, na uvute tena. Msumari hauna misuli wala nia, lakini mizani haibagui: unapovuta kwa nguvu ya kilo 4, mlango nao unakuvuta kwa nguvu ya kilo 4, yaani takriban nyutoni 40, nyutoni ikiwa ndiyo kipimo cha kani.

Usilipite jaribio hili haraka. Liache darasa libashiri kabla ya kuvuta, uyaandike ubaoni matokeo waliyoyatarajia, kisha wayalinganishe na yaliyotokea, kwa sababu mtu aliyebashiri akakosea hulikumbuka jambo kuliko aliyeambiwa tu.

Hatua ya tatu: tega mtego wa pakacha

Hapa ndipo wanafunzi wengi, na baadhi ya vitabu vya mazoezi, wanapoteleza. Weka pakacha la embe lenye kilo 8 juu ya benchi. Dunia inalivuta pakacha chini kwa nyutoni 80 hivi, na benchi linalisukuma pakacha juu kwa nyutoni 80. Kani hizi mbili ni sawa na zinakabiliana, na mwanafunzi atakwambia mara moja kwamba hiki ni kitendo na ule ni mwitiko wake. Sivyo hata kidogo.

Mrudishe kwenye sentensi. "Dunia inalivuta pakacha" ukiigeuza hupati benchi popote. Unapata "pakacha linaivuta dunia". "Benchi linalisukuma pakacha" ukiigeuza unapata "pakacha linalisukuma benchi". Kwa hiyo hapa pana jozi mbili kamili, si moja, na kani mbili tulizozianza ni nusu ya jozi hii na nusu ya jozi ile. Alama ya wazi ya kosa ni kwamba kani zote mbili zinalielemea pakacha, na kani mbili za jozi moja kamwe haziangukii kitu kimoja. Tena moja ni ya kuvuta kwa mbali na nyengine ni ya kugusana, jambo ambalo tumekwisha kusema haliwezekani.

Kama bado ana shaka, liondoe benchi. Msukumo wa benchi umekwisha, lakini dunia bado inalivuta pakacha, na embe zitakuwa chini. Laiti zingekuwa jozi, moja isingebaki baada ya mwenzake kuondoka. Ushahidi mwengine anaujua kila aliyewahi kusafiri kwa mashua wakati wa kusi: liweke pakacha lile lile juu ya ubao wa mashua, na wimbi linapoanza kuipandisha mashua, ubao hulisukuma pakacha kwa zaidi ya nyutoni 80, na wimbi linapoanza kuiachia, kwa chini ya nyutoni 80, ilhali mvuto wa dunia haujabadilika. Msafiri mwenyewe huihisi tofauti hiyo magotini na tumboni. Usawa wa pakacha na benchi unatokana na kwamba pakacha limetulia, na hilo ni jambo la kanuni ya kwanza na ya pili za Newton, zinazohusu kani zinazokiangukia kitu kimoja na mwendo wake. Usawa wa kanuni ya tatu haungoji utulivu. Upo wakati wa kimya na wakati wa dhoruba.

Hatua ya nne: chagua kitu kimoja, chora mpaka, ndipo uulize kinakwendaje

Sasa tumrudie ng'ombe. Chora gari peke yake na ulizungushie mstari, kisha uandike kani zinazoliangukia gari tu. Tuseme gari na mchanga wake wa kujengea ni kilo 500. Ng'ombe analivuta mbele kwa nyutoni 400, na msuguano wa magurudumu na njia unalirudisha nyuma kwa nyutoni 300. Zinabaki nyutoni 100 za mbele, na nyutoni 100 zikigawanywa kwa kilo 500 tunapata mchapuko, yaani ongezeko la kasi kwa kila sekunde, wa mita 0.2 kwa sekunde kila sekunde. Gari linaondoka. Kule kumvuta ng'ombe nyuma hakumo katika hesabu hii, kwa sababu ile ni kani inayomwangukia ng'ombe, si gari.

Mchore ng'ombe naye peke yake. Gari linamvuta nyuma kwa nyutoni 400, bila ya kupungua hata moja. Kwato zake zinaisukuma ardhi nyuma, na kwa hiyo ardhi inazisukuma kwato mbele, tuseme kwa nyutoni 480. Zinabaki 80, na ikiwa ng'ombe ana kilo 400 basi mchapuko wake nao ni mita 0.2 kwa sekunde kila sekunde, kama ilivyopasa kuwa kwa wawili waliofungwa pamoja. Anayemwendesha ng'ombe mbele, ukiitazama kwa njia hii, ni ardhi. Wakati wa masika, njia za udongo zinapoloa na kuwa utelezi, ng'ombe hajapungukiwa na nguvu hata kidogo, lakini ardhi haiwezi tena kumpa zile nyutoni 480, naye hubaki akikwangua matope mahali pale pale.

Mstari wa mpaka una faida ya pili. Ukiuzungusha ng'ombe na gari kwa pamoja, zile nyutoni 400 za kuvutana zimekuwa za ndani, hufutana zenyewe kwa zenyewe, na hazimo tena katika hesabu. Ndiyo sababu mtoto aliyekaa ndani ya dau lililotulia, akausukuma mlingoti kwa nguvu zake zote, hawezi kulipeleka dau safari: mikono yake inausukuma mlingoti mbele, na miguu yake inausukuma ubao nyuma. Lazima apate kitu kilicho nje ya dau cha kukisukuma, yawe ni maji kwa kafi, uwe ni mchanga wa chini kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo.

Hatua ya tano: kani sawa, mwendo tofauti

Kutoka kwa mtumbwi kwenda gatini kunamfundisha kila mtu somo hili, wengine kwa kulowa. Mtu wa kilo 60 anasimama ndani ya mtumbwi wa kilo 90 ambao haukufungwa, anaruka kuelekea gatini. Miguu yake inausukuma mtumbwi nyuma, mtumbwi unamsukuma mbele kwa kani ile ile na kwa muda ule ule. Akiondoka kwa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde, mtumbwi hurudi kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, kwa maana 60 mara 1.5 ni 90, na 90 mara 1 ni 90. Tumeuacha kando ukinzani wa maji, ambao kwa kitambo hicho kifupi ni mdogo. Mwenye uzito mdogo hupata kasi kubwa zaidi, lakini kani ni moja. Mtumbwi ukifungwa kamba gatini bila ya kulegea, gati na kisiwa chenyewe vinaingia katika hesabu, na mtu huruka salama. Nawasihi walimu jaribio hili walifanye kwa hesabu ubaoni, au kwa watoto wawili juu ya mbao zenye magurudumu katika uwanja ulio sawa, na si majini.

Nazi inayoanguka ni mfano wa kupindukia wa jambo hilo hilo. Nazi ya kilo 1.5 huvutwa na dunia kwa nyutoni 15 hivi, nayo huivuta dunia kwa nyutoni 15. Tungamo la dunia, yaani wingi wa maada yake, ni takriban kilo 6 ikifuatiwa na sifuri 24. Nazi inapoanguka mita 10, dunia nayo inapanda kuilaki, lakini kwa umbali mdogo mno kuliko hata kiini cha atomu. Kanuni haijavunjika, ni kipimo tu kilichotushinda kuona.

Hatua ya sita: jiwe ndani ya beseni

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na naomba lifanywe polepole. Weka beseni lenye maji juu ya mizani ya jikoni na usome kipimo. Tuseme ni gramu 3,000 kamili. Lifunge jiwe uzi na ulining'inize kwenye mizani ya ndoana. Tuseme ni gramu 600. Sasa literemshe mpaka lizame lote ndani ya maji bila ya kugusa kitako wala ubavu wa beseni, na uliache litulie. Mizani ya ndoana itashuka, tuseme mpaka gramu 360. Wanafunzi hawashangai, kwani wote wanajua kwamba kitu majini huwa chepesi.

Kabla ya mtu yeyote kuitazama mizani ya chini, uliza itasema nini. Wengi watajibu kwamba haitabadilika, kwa kuwa jiwe halijagusa beseni na bado limebebwa na uzi. Waache watetee jibu lao. Kisha waonyeshe: gramu 3,240. Zile gramu 240 zilizopotea juu zimetokea chini, zote. Maji yanalisukuma jiwe juu, kwa hiyo jiwe linayasukuma maji chini kwa kiasi hicho hicho, na maji yanalisukuma beseni, na beseni linaisukuma mizani. Liinue jiwe nusu na uzisome mizani zote mbili, lizamishe tena, jumla yake ni gramu 3,600 kila mara, uzi ukiwa umetulia. Kwa jiwe lako tarakimu zitakuwa nyengine, lakini kinachopungua juu na kinachoongezeka chini havitaachana. Kidole nacho kinafaa: ukikitumbukiza majini bila ya kugusa beseni, mizani ya chini itapanda, na mwanafunzi atakuwa ameiona kani ambayo ngozi yake haikuweza kuihisi.

Hatua ya saba: pulizo, ngisi na roketi

Upitishe uzi ndani ya mrija, ufunge uzi huo kutoka ukuta hadi ukuta, ulijaze pulizo upepo, ulibandike kwenye mrija kwa gundi ya karatasi na uliachie. Pulizo linaisukuma nje hewa iliyomo ndani yake, na hewa hiyo inalisukuma pulizo upande wa pili. Angalia sana usije ukasema kwamba hewa inayotoka inaisukuma hewa ya chumbani, maana kosa hili liliwahi kuwapata watu wazito: Januari 1920 gazeti la New York Times lilimkosoa Robert Goddard wa Marekani kwa kuamini kwamba roketi ingeweza kufanya kazi mahali pasipo na hewa, na halikuyasahihisha maneno yale mpaka Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kurushwa kuelekea mwezini. Roketi inaisukuma gesi yake yenyewe, na gesi hiyo inatosha. Ngisi anayejua kulifyatua maji kutoka mwilini mwake na kukimbia upande wa pili hufuata kanuni hiyo hiyo, na watoto wa pwani wamekwisha kumwona.

Hatua ya mwisho: swali la kupimia

Kujua kama somo limeingia, usimtake mwanafunzi aitaje kanuni. Mchoree mtu aliyesimama ndani ya dau penye maji mafupi, akilisukuma kwa pondo, na umwulize ni nini kinacholisukuma dau mbele. Atakayejibu "pondo" bado yuko njiani, na atakayejibu "mtu" hali kadhalika. Jibu kamili ni mlolongo: pondo linausukuma mchanga nyuma, mchanga unalisukuma pondo mbele, pondo linaisukuma mikono ya mtu mbele, na nyayo zake, kwa msuguano, zinausukuma ubao wa dau mbele. Kisha mwongezee sharti moja, kwamba ubao umeloa mafuta ya samaki na hauna msuguano. Aliyeelewa atasema kwamba mtu yule, pindi anapoutia uzito wake kwenye pondo, atateleza kuelekea omo, yaani mbele ya dau, na dau litabaki lilipo.